Kiongozi Asiye na Amri: Mipango ya Mazingira katika Misitu ya Taifa ya Marekani



Cheo ninachotaka kukizungumzia leo hakijulikani sana hata huko Marekani kilikozaliwa. Katika misitu ya taifa ya nchi ile kuna mtu anayeongoza timu ya mipango ya mazingira. Hakati mti, hazimi moto, na uamuzi ukifika haoneshwi pa kutia saini. Wataalamu anaowaongoza wana wakuu wao wengine. Hawezi kuwaajiri wala kuwapandisha daraja. Hata hivyo, mradi wowote mkubwa, uwe wa kuvuna magogo, kuchoma majani na matawi kwa moto wa kupangwa, kufungua barabara au kujenga kituo cha michezo ya theluji, hupita mikononi mwake kabla ya kumfikia mkuu wa wilaya ya msitu au msimamizi mkuu wa msitu mzima, ambao ndio wenye kalamu. Hoja yangu ni kwamba thamani ya mtu huyu haimo katika ripoti anayoikamilisha. Imo katika kuwakutanisha watu wa fani tofauti wakati uamuzi bado unaweza kubadilika. Nikiwa sahihi, basi sehemu kubwa ya ubishi unaoendelea Marekani kuhusu urefu wa ripoti hizo, na muda unaotumika kuziandika, umekosa shabaha.

Misitu ya taifa ya Marekani ni 154, na pamoja na nyanda za majani zinazosimamiwa nayo inafikia takriban hekta milioni 78, eneo linaloizidi Kenya yote kwa theluthi moja hivi. Inasimamiwa na Idara ya Misitu iliyoundwa mwaka 1905, Gifford Pinchot akiwa mkuu wake wa kwanza, na tangu hapo iko chini ya Wizara ya Kilimo. Hilo la kilimo si jambo dogo. Hifadhi za taifa ziko chini ya wizara nyingine na zina kazi ya kulinda mandhari na viumbe. Msitu wa taifa unatarajiwa kutoa. Sheria ya mwaka 1960 ilitaja matumizi yake kuwa ni burudani, malisho, mbao, vyanzo vya maji, pamoja na wanyamapori na samaki. Orodha nzuri, lakini haikusema lolote la maana kuhusu siku ambayo mbao zitataka mlima uleule ambao maji nayo yanautaka. Kwa miaka kumi hivi pengo hilo lilizibwa na mazoea, na mazoea ya wakati ule, nyumba zikijengwa kwa kasi kote nchini, yalikuwa kutanguliza mbao.

Bonde la Bitterroot, magharibi ya jimbo la Montana, ndiko mazoea hayo yalikoonekana kwa macho. Kwenye miteremko mikali miti ilifyekwa yote, kisha matingatinga yakachonga matuta kuuzunguka mlima ili miche ipandwe juu yake. Wakazi wa bondeni walikuwa wakiitazama milima yao ikiwa imechanjwa mistari. Malalamiko yalimfikia Seneta Lee Metcalf, naye akamwomba Arnold Bolle, mkuu wa kitivo cha misitu katika Chuo Kikuu cha Montana, aunde kamati ya kuchunguza. Bolle hakuchagua mabwana miti peke yao. Aliingiza mtaalamu wa wanyamapori, mchumi, mwanasosholojia na mtaalamu wa siasa. Ripoti yao, iliyotoka mwaka 1970, ilisema kwamba matumizi mengi ya msitu, ambayo sheria iliyaagiza, kwa kweli hayakuwa mwongozo wa kazi huko Bitterroot, na ikahoji kama gharama za kuchonga matuta na kupanda upya zingeweza kurudishwa na ardhi ya aina ile.

Watu wengi huisoma Bitterroot kama kisa cha watu wabaya na milima mizuri. Mimi naiona tofauti. Mabwana miti wa pale hawakuwa wajinga wala wavivu. Tuta hushika maji, hupunguza ushindani wa magugu, na mche hukua vizuri zaidi juu yake. Ukilitazama kwa jicho la upandaji miti tu, jambo lile lilikuwa na akili. Kosa lilikuwa kwamba swali lililokuwa na majibu ya fani tano liliulizwa fani moja, nayo ikalijibu kwa uaminifu. Kamati ya Bolle haikuwa na ujuzi wa siri ambao Idara ya Misitu iliukosa. Mchumi aliuliza swali la mchumi, mwanasosholojia la mwanasosholojia, na yale matuta yakaanza kuonekana kwa sura nyingine.

Kamati hiyo ilipokuwa kazini, tayari Rais Richard Nixon alikuwa ameshatia saini, tarehe 1 Januari 1970, Sheria ya Taifa ya Sera ya Mazingira, maarufu kwa kifupi chake NEPA. Wengi wanaijua kwa jambo moja: inaitaka serikali kuu iandike maelezo ya kina ya athari kabla ya kufanya jambo kubwa litakaloyagusa mazingira. Mtindo huo umeenea duniani, na tathmini za athari kwa mazingira zinazotakiwa na sheria ya Kenya ya mwaka 1999 na ile ya Tanzania ya mwaka 2004 ni za ukoo huohuo. Lakini katika kifungu kilekile cha NEPA, kabla ya agizo la kuandika, kuna agizo jingine linalosahaulika: kwamba mipango na maamuzi yatumie kwa utaratibu sayansi za maumbile na za jamii kwa pamoja. Mwaka 1976 sheria ya usimamizi wa misitu ya taifa ikaongeza mkazo, ikataka mpango wa kila msitu uandaliwe na timu ya fani mbalimbali. Cheo ninachokizungumzia kimezaliwa na maagizo hayo. Timu ya namna hiyo haijikusanyi yenyewe, na ikikusanyika haijiongozi.

Sasa tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Chukulia mradi wa kawaida kabisa katika misonobari ya Arizona. Kwa zaidi ya karne moja moto mdogomdogo wa ardhini umekuwa ukizimwa, na mifugo imekula nyasi zilizokuwa zikiubeba. Matokeo yake, palipokuwa na miti michache mikubwa sasa pana mamia ya miti myembamba iliyosongamana. Bwana miti anapendekeza ipunguzwe. Mtaalamu wa moto anataka matawi yatakayobaki yachomwe msimu wa baridi kali unapokaribia. Mtaalamu wa udongo anasema mashine za kuburuta magogo zitaushindilia udongo ukiwa na unyevu, kwa hiyo zifanye kazi ardhi ikiwa imekauka au imeganda kwa baridi, na zisipande miteremko mikali. Mwanabiolojia ana kiota cha kipanga katikati ya eneo na hataki kelele majira ya kutaga na kulea. Mwanaakiolojia anahitaji kulikagua eneo kwa miguu kabla ya tairi la kwanza kupita, kwa sababu kuta za watu wa kale zimejificha chini ya sindano za misonobari. Mtaalamu wa maji anaonesha kalvati moja chini ya barabara ya zamani: ni jembamba, changarawe zimeliziba nusu, na malori yakianza kupita kabla halijabadilishwa, mvua kubwa ya kwanza itaibeba barabara na kuimwaga kijitoni. Mhandisi anajibu kwamba kalvati jipya lina gharama, na miti hii myembamba haina bei ya kuilipia.

Kila mmoja wao amesema kweli, na kila mmoja anaweza kwenda ofisini kwake akaandika sura nzuri ya ripoti. Ukizifunga sura hizo pamoja utapata kitabu kizuri na mradi usiotekelezeka. Kwani weka kalenda zao juu ya meza moja: udongo unakataa miezi ya matope, kipanga anakataa miezi ya kiangazi, moto unadai vuli, ukaguzi wa mambo ya kale unasubiri theluji iyeyuke. Zinabaki wiki chache mno, na hakuna mkandarasi atakayeleta mashine kwa ajili ya wiki hizo. Tatizo hili halimo katika ripoti ya mtu yeyote. Linaonekana tu pale watu saba wanapokuwa chumba kimoja na mtu wa nane akiwa na kazi ya kuuliza, “Sasa tutafanya lini?” Hapo ndipo njia mbadala za kweli huzaliwa: eneo la kiota liachwe au likatwe kwa misumeno ya mkono nje ya msimu wa kulea, barabara ya zamani ifungwe na magogo yapitie upande wa juu, ukaguzi uanze mwaka mmoja kabla ya mnada wa miti. NEPA inadai njia mbadala zilinganishwe, ikiwemo ile ya kutofanya lolote. Kiongozi dhaifu huzitunga mwishoni, mbili za kupamba na moja ambayo bosi ameshaichagua. Kiongozi hodari huzikuta zikijitokeza ubishini, na ustadi wake ni kuzitambua kabla hazijamezwa na ajenda inayofuata.

Mtu atauliza: kama kazi hii ni muhimu hivyo, mbona sheria haimpi meno? Swali hili lilikwisha kufika Mahakama Kuu ya Marekani, tena kwa mradi wa msitu wa taifa. Mwaka 1989, katika kesi ya bonde la Methow, jimbo la Washington, Idara ya Misitu ilitaka kuruhusu kituo cha michezo ya theluji kwenye mlima wa Sandy Butte, na wapinzani wakadai kwamba mpango kamili wa kuzuia madhara ulipaswa kutengenezwa kwanza. Mahakama ilikataa. Ilisema NEPA inadai utaratibu na haiamuru matokeo. Inakataza serikali kuamua bila kujua, lakini haikatazi kuamua vibaya. Wanamazingira wengi waliona hapo sheria imeng’olewa meno. Kwangu mimi hukumu ile ndiyo inayokipa uzito cheo tunachokijadili. Ikiwa jaji hatauliza kama uamuzi ni wa busara, basi busara itapatikana kabla ya mahakama au haitapatikana kabisa, na mahali pekee palipotengwa kwa ajili hiyo ni mkutano wa timu. Mwezi Mei 2025 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya reli ya bonde la Uinta huko Utah, iliwataka majaji wawaachie watendaji uwanja mpana zaidi. Ulinzi wa nje ukipungua, wa ndani hauna budi kubeba mzigo.

Pingamizi kubwa zaidi ni la muda, na sitalipuuza kwa sababu lina ukweli. Mwaka 2002 Idara ya Misitu yenyewe ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba mipango na tathmini zilikuwa zikimeza asilimia 40 ya kazi ya moja kwa moja katika ngazi ya misitu. Wakati watu wanaandika, miti inaungua. Mwaka 2011 moto wa Wallow uliteketeza zaidi ya hekta 217,000 huko Arizona na sehemu ndogo ya New Mexico, na karibu na mji mdogo wa Alpine, Arizona, pale miti ilipokuwa imeshapunguzwa, moto ulishuka kutoka vilele vya miti hadi ardhini, wazimaji wakaweza kuukabili. Kila mwaka wa kuchelewa una gharama, na gharama hiyo haiandikwi popote katika ripoti. Haya yote nayakubali. Lakini tuangalie muda unakwenda wapi. Utafiti wa Forrest Fleischman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020 na kupitia maelfu ya maamuzi ya Idara ya Misitu tangu 2005 hadi 2018, ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 yalipitia njia fupi inayosamehe tathmini ndefu. Yaliyohitaji ripoti kamili hayakufika asilimia 2, na yaliyofikishwa mahakamani hayakufika asilimia 1. Picha ya idara iliyokabwa koo na mawakili haipatani na hesabu hizo. Zaidi ya hapo, ripoti hunenepa kwa hofu. Mtaalamu aliyeandika peke yake, bila kujua mwenzake ataandika nini, hujikinga kwa kurasa. Timu iliyokwisha kubishana na kuafikiana huandika kidogo, kwa sababu inajua mambo mawili au matatu yanayoamua mradi huu ni yapi.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wale wanaolilia ukomo wa kurasa. Mwaka 2023 Bunge la Marekani liliweka kurasa 150 kwa ripoti kamili, au 300 kwa jambo tata sana, na muda wa miaka miwili. Tathmini fupi ikapewa kurasa 75 na mwaka mmoja. Kurasa 150 zinatosha kusema mengi. Kipanga na kalvati wanaingia humo na nafasi inabaki. Kisichobanwa na kurasa, na ambacho hakuna aliyekiwekea kima cha chini, ni idadi ya wataalamu waliopo. Mwaka 1995 kupambana na moto kulichukua asilimia 16 ya bajeti ya Idara ya Misitu. Kufikia 2015 kulivuka nusu, na kati ya 1998 na 2015 wafanyakazi wasio wa moto walipungua kwa asilimia 39. Hao ndio wataalamu wa maji, wa udongo, wa mimea, wa mambo ya kale. Kiongozi wa timu leo anaweza kujikuta akimwazima mtaalamu wa udongo kutoka msitu wa pili, naye anahudhuria kwa simu, akiwa hajaukanyaga mteremko anaoutolea maoni. Karatasi itatoka kwa wakati. Kama kuna mtu aliyeliona kalvati, hilo ni suala lingine.

Na karatasi iliyotoka salama inaweza kuua. Tarehe 6 Aprili 2022, katika Msitu wa Taifa wa Santa Fe, New Mexico, moto wa kupangwa wa Las Dispensas uliponyoka. Baadaye uliungana na moto mwingine uliotokana na marundo ya matawi yaliyochomwa Januari, ambao ulikuwa umejificha chini ya theluji kwa miezi. Ziliteketea hekta zipatazo 138,000 na mamia ya nyumba, na chanzo cha maji cha mji wa Las Vegas wa jimbo hilo kikajaa majivu. Haujapata kurekodiwa moto mkubwa zaidi katika jimbo lile. Shabaha ya kazi ile ilikuwa kukilinda chanzo hichohicho. Uchunguzi wa idara ulikuta kwamba kwa sehemu kubwa watendaji waliufuata mpango ulioidhinishwa, lakini ardhi ilikuwa kavu kuliko walivyoelewa. Tathmini ya mazingira ya mradi ilikuwa imekamilika miaka mingi kabla. Wapo wanaosema kisa hiki kinabomoa hoja yangu: timu ilikutana, wataalamu waliandika, na bado. Naona kinaidhibiti hoja, hakiibomoi. Nimesema wataalamu wakutane wakati uamuzi bado unaweza kubadilika, na uamuzi wa kuwasha kiberiti huwa haujaisha hadi asubuhi ya kuwasha. Timu iliyovunjwa siku ya saini haina wa kusema kwamba nchi iliyoelezwa kwenye ukurasa wa 40 haipo tena. Kiongozi wa mipango angepaswa kuwa na kazi baada ya saini, na kwa kawaida anakuwa ameshahamishiwa mradi mwingine.

Pingamizi la mwisho ni la siasa, nalo ndilo linaloniumiza kichwa. Mwaka 1991 Jaji William Dwyer wa Seattle alisimamisha mauzo ya magogo katika makazi ya bundi wa madoa, kwenye misitu ya kale ya kaskazini-magharibi. Katika hukumu yake alisema sheria zilivunjwa kwa makusudi, na akatamka wazi kwamba lawama si ya wanasayansi, mabwana miti na watendaji wa ngazi za kazi. Ilikuwa ya wakubwa serikalini. Basi kuna faida gani ya meza nzuri ikiwa jibu linatoka juu? Sina jibu la kuridhisha kabisa. Ninachoweza kusema ni kwamba jaji aliweza kuwatenga watendaji na wakubwa kwa sababu kazi ya watendaji ilikuwa imeandikwa. Na miaka mitatu baadaye, mwaka 1994, serikali ilipolazimika kutoa mpango mpya kwa zaidi ya hekta milioni tisa, iliuegemeza kwenye kazi ya kikundi kikubwa cha wanasayansi wa fani mbalimbali chini ya Jack Ward Thomas, mwanabiolojia wa wanyamapori aliyekuja kuwa mkuu wa Idara ya Misitu. Ujuzi uliopuuzwa ulikuwepo ukisubiri. Usingekuwepo kama haukukusanywa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo moja linatofautiana, nalo linafaa kutajwa kwa ufupi. Idara ya Misitu ya Marekani huajiri wataalamu wake na kuitathmini kazi yake yenyewe. Kwetu, mara nyingi, tathmini ya athari huandikwa na mshauri aliyesajiliwa, anayelipwa na mwenye mradi, kisha mamlaka ya mazingira huipitia. Mtindo wetu una sifa ya kumtenga mpitiaji na mwandishi. Upungufu wake ni kwamba mshauri hufika mradi ukiwa umeshachorwa, na hana mkutano wa kila wiki na mhandisi ambamo barabara inaweza kuhamishwa kwa penseli.

Pendekezo langu ni dogo, na linaweza kutumika kwao na kwetu. Kila uamuzi wa msitu ubebe ukurasa mmoja, uliotiwa saini na kiongozi wa timu pamoja na mwenye kalamu, unaosema nini kilibadilika kati ya pendekezo la kwanza na uamuzi wa mwisho, na ni hoja ya fani gani iliyokibadilisha. Kama hakuna kilichobadilika, iandikwe hivyo. Najua nitaambiwa kwamba ukurasa huo nao utageuka fomu ya kujazwa, na watu watajifunza kuweka kosa la bandia katika pendekezo la kwanza ili walisahihishe kwa majivuno. Wengine watafanya hivyo. Lakini ukurasa unaotaja kalvati, barabara na mwezi wa kazi unaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye viatu vya kupandia mlima, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu ripoti ya kurasa 300.